Bangili Nne za Kijani

Kila asubuhi, kabla sijammiminia gahwa, ile kahawa yao, madam Abir anakuwa ameshafungua kompyuta mezani kuangalia nambari yake. Jumatatu ile ilikuwa mia nne na kumi na mbili.

"Wameongezeka watatu," akaniambia, kama mtu aliyeletewa salamu za kwao.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini mwaka na nusu katika nyumba hii ya mtaa wa Al-Malqa umenifundisha nambari ile ni ya nini. Madam ni daktari wa figo. Aliandika makala moja kuhusu wafanyakazi wa Jidda, na kila daktari anayeandika yake akimtaja humo kama shahidi, nambari inapanda. Ameandika nyingine kumi na nane, ila zile hazitajwi sana. Hii moja ndiyo inayombeba. Alhamisi kamati ya chuo ingekaa kuamua kama atakuwa profesa.

Mchana akafanya mazoezi ya hotuba sebuleni, picha zikitokea kwenye televisheni.

"Keti, Kemunto. Wewe ndiye kamati. Usicheke."

Nikakaa ukingoni mwa kochi, trei mapajani. Akaeleza kwamba wanaume mia tatu wanaoshinda juani walipimwa mkojo, na karibu wote figo zao zilikuwa nzima. Kisha ikaja picha ya foleni mtaa wa Kandara, Jidda, karibu na stendi ya zamani ya mabasi. Kila mwanamume alishika kikombe chenye kifuniko, na mkononi bangili ya karatasi ya kijani.

Bangili hizo nilizijua. Binamu yangu Silas, anayefanya kazi hukohuko Jidda, aliwahi kunitumia picha ya mkono wake, umevaa nne.

Nikampigia kutoka jikoni.

"Kaka, zile bangili za kijani zilikuwa za nini?"

Akacheka. "Za mkojo, dada. Unapewa kikombe jioni, unarudisha asubuhi na bangili yako. Sasa akina Fred, wenzangu wa chumbani, wakaogopa. Ukionekana mgonjwa, tajiri wako, kafili, hatengenezi ikama, na bila hicho kibali, halas, unapanda ndege. Na mimi nalinda geti, kibandani kuna AC. Mkojo wangu ni kama maji ya chupa. Wakanivisha bangili zao, nikawajazia."

"Vikombe vinne?"

"Nilikunywa maji mpaka tumbo likalia ngoma."

"Ni wewe tu ulifanya hivyo?"

"Wewe nawe. Kila chumba kilikuwa na Silas wake."

"Na Fred yuko wapi siku hizi?"

Kicheko kikakatika. "Si alirudi Kisii. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki."

Nikanyamaza Jumanne nzima. Madam hajawahi kunifokea, na ile Alhamisi alikuwa ameingoja miaka sita. Tena ningemtia Silas matatani.

Jumatano nikamkuta amesimama, hajakaa hata kunywa. "Mia nne kumi na tano. Na kuna nchi imepanga saa za kazi za mchana kwa kufuata makala yangu. Wameongeza saa mbili juani, Kemunto. Unaona inavyofika mbali?"

Nikaweka birika chini. Nikatoa simu nikamwonyesha ule mkono.

Akaichukua simu. "Huyu ni nani?"

"Mtu wa kwetu, madam. Jina sitasema. Alijaza vikombe vya wanne, kwa sababu wagonjwa waliogopa kunyimwa ikama. Anasema kila chumba kilifanya hivyo."

"Kila chumba?"

"Ndivyo alivyosema."

Akakaa. Mwishowe akauliza, polepole, "Tungefanyaje ili waje wenyewe?"

"Msingeuliza jina, madam. Wala ikama. Na kikombe mtu angejaza palepale."

Alhamisi hakwenda kwenye kamati. Aliwaandikia wenye jarida waiondoe ile makala, akawaandikia na wale wa nchi ile ya saa mbili. Simu yake ililia mara nyingi, akaigeuza kifudifudi.

Asubuhi iliyofuata akafungua kompyuta kama kawaida. Mia nne na kumi na sita. Mahali fulani mtu alikuwa amemtaja, hajapata habari.

"Huyu naye itabidi nimwandikie," akasema. Akasogeza kiti kando yake. "Kaa hapa. Nisomee majina ya wote walionitaja, taratibu."

Nikaanza na la kwanza.