Mlango wa Pili

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, dada mtu alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mshauri nasaha, mkoba mapajani, akimsubiri mdogo wake. Benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na aliyekaa upande wa kulia ilimbidi akanyage sakafu kwa nguvu ili asiyumbe. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha mashati, kwa hiyo wenzake walimwita Pasi. Mdogo wake alishona vifungo humohumo, akaitwa Kifungo. Miezi mitano nyuma kiwanda kiliungua, na wanawake saba hawakutoka.

Dakika kumi baada ya mlango wa mshauri kufungwa, moshi ulianza kupenya chini yake. Ulikuwa mweusi, wenye harufu ya pamba na plastiki, na ulitambaa koridoni hadi kwenye viatu vya Pasi. Karani wa mapokezi aliinuka, akafungua madirisha mawili, akarudi kwenye chai yake. Kila mtu alitoa lake mle ndani. Jumatatu dereva mmoja aliyepata ajali aliacha vioo vilivyovunjika, na karani alikuwa na fagio la kazi hiyo. Jumatano alikuja mama aliyenusurika mafuriko, na kwa ajili yake ziliwekwa ndoo mbili na tambara. Jumanne karani aliihesabu kuwa siku ya mapumziko, maana moshi haufagiwi.

"Mdogo wako anatoa vizuri," alimwambia Pasi. "Wengine wanamaliza mwezi hawajatoa kitu."

Pasi aliitikia kwa kichwa. Alimwonea mdogo wake wivu hata kwa moshi huo.

Nyumbani Kifungo alisimulia yote bila kuulizwa, kama mtoto aliyetoka shule. Mshauri alimwambia akanyage chini kwa nyayo zote mbili. Alimwambia ataje vitu vitano anavyoviona. Halafu alipitisha kidole mbele ya macho yake, kushoto na kulia, naye akakifuata huku akiisimulia siku ile tangu kengele ya asubuhi. Baada ya wiki tatu Kifungo alianza kulala usiku kucha. Wiki ya sita aliwasha jiko mwenyewe, akauangalia moto, akasema maharage yamebaki kidogo. Pasi alimtazama akiitikisa njiti ya kiberiti izime na akatamani kumnyang'anya. Yeye, jirani akibisha hodi tu, alijifungia bafuni mpaka mgeni aondoke.

Kampuni ndiyo iliyotoa tiba hiyo, vikao kumi, mtu mmoja kwa kila kaya. Ofisa aliyekuja kuandikisha aliwatazama ndugu hao wawili akauliza nani ana kovu. Kifungo alikuwa na kovu la moto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Pasi alikunja mikono yote miwili ya blauzi, na ngozi ilikuwa laini.

"Wewe mshukuru Mungu," ofisa alimwambia, akaandika jina la Kifungo.

Pasi alijaribu kujitibu. Alisimama mbele ya kioo akapitisha kidole chake kushoto na kulia, akakifuata kwa macho robo saa nzima. Alichopata ni kuumwa kichwa. Ndipo siku moja baada ya kazi za nyumbani alipotundika shuka katikati ya chumba, akaanza kugawa vyombo.

"Dada, tunagawana vijiko?" Kifungo aliuliza.

"Tunagawana."

Kifungo alicheka. Alipoona mwenzake anaweka sufuria upande huu na mfuniko wake upande ule, aliacha kucheka. Kesho yake Pasi alipeleka barua kwenye kampuni kueleza kwamba nyumba ile sasa ina kaya mbili, na kwamba kaya ya pili haijapata tiba.

Kampuni ilimtuma mkaguzi, mtu mpole mwenye jalada nene. Aliangalia shuka mbele, akaliangalia nyuma. Alieleza kwa upole kwamba kaya huhesabiwa kwa mlango, na mlango hapo ni mmoja. Pasi alimshukuru. Wiki hiyohiyo alikwenda kwa seremala aliyekuwa na mlango wa zamani usio na mwenyewe, akampigia pasi mashati yake yote kwa malipo. Seremala aliuleta mlango akaugongomea kwenye ukuta wa upande wa Pasi, pamoja na fremu, bawaba na kitasa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta mfereji wa maji machafu.

Mkaguzi alirudi, akakizungusha kitasa, akavuta, akasukuma kwa bega.

"Huu haufunguki, dada yangu."

"Na ule wa nyuma kiwandani ulifunguka?"

Mkaguzi alifungua jalada. Taarifa ya kampuni kuhusu moto, ukurasa wa tisa, ilisema kiwanda kilikuwa na milango miwili, kama sheria inavyotaka. Haikusema kwamba ule wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kwa nje ili wafanyakazi wasiibe nyuzi, wala kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, na ilikuwa saa saba mchana, msimamizi alikwenda kula. Mkaguzi aliusoma ukurasa huo mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu. Akiandika kwamba mlango usiofunguka si mlango, ingembidi arekebishe na ukurasa wa tisa. Aliandika milango miwili, kaya mbili. Aliomba maji, akanywa, akaaga.

Hivyo Pasi akapewa Alhamisi. Karani, asiyejua atatoa nini, aliweka tayari fagio, ndoo na tambara, akafungua madirisha mapema. Hakikutoka kitu. Wiki ya pili hakikutoka kitu. Pasi alikanyaga chini kwa nyayo zote mbili, akataja vitu vitano, akafuata kidole hadi macho yakamtoka machozi ya kuchoka. Alipopewa penseli achore siku ile, alichora shati, na lilikuwa shati zuri, lenye kola iliyonyooka. Mshauri alilisifu. Koridoni karani alitazama sakafu kavu, akamwambia kwamba haraka haraka haina baraka. Pasi alitamani kumwagia ndoo.

"Usijilazimishe, dada," Kifungo alimwambia kutoka upande wake wa shuka.

"Wewe ulitoa moshi siku ya kwanza. Unajua nini?"

Siku hiyo kila kaya ilikula peke yake.

Wiki ya tano mshauri aliweka kidole chini na penseli kando. Hakumuuliza aliona nini. Alimuuliza alikuwa amesimama wapi.

"Nje," Pasi alisema.

Akasimulia. Alimtoa mdogo wake kwa mlango wa mbele, akimvuta kwa mkono ule ule ulioungua. Halafu alizunguka mbio hadi nyuma, kwa kuwa Mcheko, mwenzake wa meza ya pasi, alikuwa bado ndani. Aliling'ang'ania kufuli. Ndani walikuwa wanapiga mlango kwa ngumi na kwa mikasi, wakipiga kelele. Baadaye walichoka na kelele zikaisha. Ndipo wakaanza kubisha hodi. Walibisha polepole, kwa adabu, kama watu waliokuja kuomba chumvi.

"Hodi tatu, kisha wananyamaza wasikilize," Pasi alisema. "Na mimi niko nje. Mtu akibisha hodi unamwambia karibu. Sikuweza kusema karibu."

Koridoni karani alisubiri na fagio. Hakikutoka kitu.

Pasi alipofika nyumbani alimkuta Kifungo amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Kuna watu wanabisha kwenye mlango wako, tangu saa nne."

"Mlango wangu haufunguki."

"Nadhani wanajua. Wanabisha tu."

Hodi tatu zikasikika, kisha kimya cha watu wanaosikiliza. Pasi alikwenda bafuni akajifungia. Alikaa humo hadi jua likaanza kushuka, na hodi hazikuongeza nguvu wala hazikukoma. Mwishowe alikanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Alitaja vitu vitano: ndoo, sabuni, mswaki wake, mswaki wa mdogo wake, komeo. Alilivuta komeo, akatoka, akasimama mbele ya mlango wa seremala.

"Karibuni," alisema.

Misumari ilidondoka, na mlango ukafunguka kwa ndani. Wakaingia saba, mmoja mmoja, wamevaa aproni za kazi, wakipangusa miguu. Nyuma yao ukuta ulikuwa palepale, na rangi yake iliyobanduka. Walikaa kitandani, kwenye viti na mkekani. Vikombe vya kaya moja havikutosha, ikabidi vya kaya zote mbili vikusanywe.

Mcheko aliingia wa mwisho, na kitu cha kwanza alichoomba ni kuliona kovu la Kifungo. Wote saba waliliinamia, wakaligusa, wakasema pole, kila mmoja na pole yake. Pasi alisimama na jagi la maji mkononi. Hata maiti, alifikiri. Amepigilia mlango ukutani, amegawana vijiko, amemfungulia mlango kila mmoja wao, na bado wanaanza na mdogo wake. Aliona aibu kwa wivu huo, na aibu haikuupunguza.

Mcheko alimgeukia. "Na wewe tulikusikia ukivuta kufuli."

"Mlijuaje ni mimi?"

"Nani mwingine anamtukana msimamizi ukoo mzima, mpaka bibi yake mzaa mama?" Wanawake wakacheka, naye Mcheko akacheka kile kicheko kilichompa jina. "Tulisema basi, tusimchoshe kwa kelele. Tubishe tu, ajue tupo."

Pasi alikaa chini, jagi mapajani, akalia kwa mara ya kwanza tangu moto. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kabla giza halijaingia wageni waliaga, wakasema wana nyumba nyingine za kupitia, wakatoka kwa mlango wa kwanza.

Kifungo aliosha vikombe, akavipanga pamoja bila kuangalia ni vya nani.

"Mimi nilitoa moshi tu," alisema, mgongo ameugeuza. "Wewe umeletewa watu."

Pasi aliusikia wivu katika sauti hiyo. Mungu amsamehe, ulimfurahisha. Usiku huo alilala hadi asubuhi. Shuka walilishusha, ila walikubaliana kulitundika tena mkaguzi akija, kwa kuwa vikao vitano vilikuwa vimebaki. Alhamisi iliyofuata karani alipoelezwa, alirudisha ndoo stoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, tena afadhali hawa, hawamwagi maji.

Vikao vilipokwisha, kampuni iliwaandikia wote wawili barua kwamba wamepona na wanatakiwa kazini. Kiwanda kilikuwa kimepakwa rangi. Mlango wa nyuma ulikuwa mpya, wa chuma, na kufuli lake lilikuwa kubwa kuliko la zamani. Meza ya Pasi ilikuwa hatua tano kutoka hapo.

Wiki ya pili hodi zilianza kwenye mlango huo, tatu tatu, kila siku saa saba mchana. Wanawake waliitikia "Karibuni" kwa pamoja, bila kuondoa miguu kwenye cherehani, na mlango haukufunguka. Msimamizi alilalamika kwamba sauti inapunguza kazi. Aliagiza marobota ya kitambaa yapangwe kuuegemea mlango, kutoka sakafuni hadi juu, na kweli sauti ikapungua. Mkaguzi alikuja na jalada lake, akachungulia katikati ya marobota mpaka akakiona kitasa, akaandika milango miwili.

Pasi alinyoosha kola, akakunja shati, akavuta lingine. Kwenye meza ya vifungo mdogo wake aliinua macho kutazama saa ya ukutani, naye Pasi akaitazama. Ilikuwa saa saba, na msimamizi alikwenda kula, ufunguo mfukoni.