Mama Celine Ako Ndani

Ijumaa ile filamu ya Celine ilipoanza kuonyeshwa katika sinema ya mjini, mamake, Nereah, alifunga kibanda chake cha omena kule Mashimoni, akajifunga kilemba cha kanisani, kile kikubwa, akaenda kumwona mtoto. Sinema hakuwa ameingia hata siku moja. Celine alipotokea kwenye skrini, Nereah alifanya kile mama wa Mashimoni hufanya mtoto wake akiitwa mbele kupewa zawadi ya shule: alisimama, akapiga vigelegele, akatangaza, "Huyo ni wangu!" Watu wa mjini wakasema shhh. Hakuketi ng'o.

Safu ya nyuma kulikuwa na jamaa aliyekuwa akirekodi filamu kwa simu. Basi Nereah akaingia kwenye picha, kilemba na kila kitu, na filamu ilipoisha hakutoka. Celine alikuta kiti kitupu na mkoba wa mamake.

Kesho yake filamu ile ya simu ilikuwa imefika mtaa wa Kawangware 46, kwa Mbuthia, mwenye kibanda cha video, ambaye hupunguza sauti ya filamu na kuisimulia mwenyewe kwa maikrofoni.

"Huyu dem ni mwizi sugu," Mbuthia akaanza.

"Mwizi ni wewe," kilemba kikajibu kutoka kwenye skrini. "Huyo ni Celine. Nilimzaa mwenyewe."

Wateja walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mbuthia, ambaye hapotezi nafasi, alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlangoni: MAMA CELINE AKO NDANI.

Asubuhi yake Celine alikimbilia polisi. Afisa alimsikiliza vizuri tu.

"Mathe ako sawa," alimwambia. "Nilimwona jana kwa kibanda cha video kule Lindi. Alikuwa anagombeza watu wakae vizuri." Kisha akaomba wapige picha pamoja.

Celine akaenda kwa Mbuthia. "Futa hiyo filamu, nakuomba. Nataka mamangu arudi nyumbani."

"Nikifuta yangu, wale wa Lindi watafuta?" Mbuthia akamuuliza. "Sista, huyu mathe ako kwa simu ya kila mtu."

Na alikuwa anasema ukweli, mjinga yule.

Kule mjini viti vilibaki vitupu, filamu ikaondolewa. Wale waliokuwa wamemwahidi Celine filamu ya pili wakaacha kushika simu zake. Lakini mtaani! Kila kona ni kelele: "Celine, filamu yako ni moto! Nimeiona mara tatu!" Aliyekuwa amekanyaga sinema hakuna. Celine alitamani kuwatukana wote, ila walikuwa wanamsifu kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jumapili ya wiki iliyofuata alibeba ugali na omena kwenye kontena, akaenda Kawangware.

"Hata mwenye filamu analipa," Mbuthia alisema mlangoni, mkono mbele.

Celine akalipa. Akaketi benchi la kwanza, karibu kabisa na kile kilemba.

"Mama," akaita. "Ni mimi. Niko hapa nyuma yako. Nimekuletea chakula. Twende nyumbani."

Kilemba hakikugeuka.

"Shhh," Nereah akasema, vile alivyofunzwa na watu wa mjini. "Mtoto wangu anaingia sasa."