Kibao cha Mlango wa Lifti

...na kola je, aipigie pasi nini, shati la kuendea usaili ambao haendi tena, lakini mkono umeshazoea, unakwenda na kurudi wenyewe, na simu iko pale pembeni ya meza imelala kifudifudi kama mtoto aliyenuna, na ndani yake mna yule dada wa wakala wa ajira, jana kapiga mara mbili, leo ameandika tu, kaka, tupo pamoja kesho, nimewaambia nakuleta mwenyewe... nakuleta mwenyewe, hilo ndilo linalomkwaza, maana kazi ameshapata kwingine, saini ameshatia, na shemeji yake kamcheka, zima simu bwana, hao mawakala wakikutupa huwa wanakuaga? na ni kweli, wengi hawaagi, unapeleka vyeti kama unatupa jiwe kisimani usisikie hata chubwi, ila huyu, huyu alipiga hata siku ya habari mbaya, hawakukuchukua kaka, nimeona nikuambie mwenyewe, kisha akakohoa kidogo, akauliza, na mguu wa shangazi unaendeleaje, kwa kuwa siku moja alimwomba dada waahirishe miadi ampeleke shangazi hospitali, nani mwingine aliukumbuka mguu ule... shangazi, ee, na uongo alioutunga asubuhi ndio huohuo, kwamba shangazi amefariki, kauandika wote na maziko yake, ikawa bado kubonyeza kutuma tu, na marehemu mwenyewe kutoka chumba cha pili akaita, "Biskuti umezimaliza wewe, nakusikia unavyopumua," naye akajibu si mimi shangazi, huku anaufuta ujumbe, anamfufua herufi kwa herufi, aibu na kicheko vikimbana mbavu, kisha akailaza simu kifudifudi... lakini ukweli unasemwaje, mtu kakupigania miezi, kakusahihishia barua, kakukataza ile tai, kesho atasimama mapokezi kwa watu aliowaapia, atatazama mlango, ataandika uko wapi kaka, ataandika tena, kama wale wa ghorofa ya saba wanaobonyeza na kubonyeza... hapo mkono unasimama, kwa sababu yeye ni fundi lifti, na mzee aliyemfundisha, hana meno ya mbele wala subira, alimpa sheria moja kabla hajamwonyesha hata bisibisi, kibao kwanza ndipo ushuke shimoni, kila mlango, kila ghorofa, lifti haifanyi kazi, samahani. "Mtu akijua atapanda ngazi. Asipojua atasubiri, na atajiona mjinga." Na miaka yote hii hajamwacha mtu, hata yule mpangaji mtukanaji, akibonyeza kitufe cha lifti iliyokufa, sasa dada wa watu ndiye amwache... na kibao ni kifupi, wala hakijitetei, nimepata kwingine dada, kesho sitakuja, nimeona nikuambie mwenyewe, na asante, asante ndiyo iwe ndefu, akinuna anune, ni haki yake, tena yuko mwenzake wa zamu anayeiweza kazi ile, atamtajia dada... harufu gani hii, loo, pasi, anaiinua, kola imeota doa la kahawia, shangazi anauliza kinaungua nini huko, si kitu shangazi, shati tu, anasema, na kwa mkono mwingine anaigeuza simu, uso juu.