Droo Isiyo na Kishikio

Niliingia kwenye duka la magari damu ikinichemka. Mke wangu nilimwacha nje, ndani ya gari letu jipya la kifahari, hana miwani. Aliiweka kwenye droo ya dashibodi, na droo hiyo haina kishikio. Inafunguliwa kwa skrini, na skrini imezimika tangu juzi.

"Pole sana, mzee wangu," alisema muuzaji, tai imemkaa vizuri. "Kuna njia ya kuiwasha upya. Imeelezwa kwenye kitabu cha gari."

"Na kitabu kiko wapi?"

Akakohoa kidogo. "Kwenye droo."

"Kijana, usinichezee! Mimi ni seremala, mwaka wa thelathini huu. Sijawahi kumtengenezea mtu kabati ambalo lazima aliombe ruhusa ndipo achukue shati lake!"

"Ndiyo teknolojia, mzee. Siku hizi watu wa hadhi yako hawataki tena mambo ya kuvuta kwa mkono."

Aliyasema hayo huku akivuta droo ya meza yake kwa kidole kimoja, anitolee fomu ya malalamiko. Ikateleza bila hata kukwaruza.

Nikaitazama vizuri ile meza. Mbao ngumu, viungo bila msumari hata mmoja. Niliipiga randa kwa mikono yangu kabla duka hili halijafunguliwa.

Nikaisukuma droo ikajifunga, nikaiegemea kwa kiuno.

"Hii nimeitengeneza mimi," nikamwambia. "Na huivuti tena mpaka mke wangu avae miwani yake."