Kichupa cha Mkaratusi

Kunigunda hakumwamini mkamwana wake Herieth tangu siku alipoletwa kijijini Ruanda, huku milimani, kutoka Chiwanda, kule ziwani. "Mtu aliyekulia kwenye dagaa atajua nini kulea mtoto penye baridi?" ndiyo ilikuwa kauli yake. Sasa mjukuu wake, Aidan, alikuwa na mafua, na Herieth alikuwa amerudi kutoka sokoni Mbinga na kichupa cha mafuta ya mkaratusi.

"Gunia zima la majani, Mama, ndilo linalotoa kichupa hiki," Herieth alieleza. "Ni makali mno. Matone tu kwenye maji ya moto, tena mbali na mtoto. Hayanywewi."

Kunigunda akaguna. Gunia zima! Uongo mwingine hauna hata haya. Mikaratusi ilijaa nyuma ya nyumba yake, na ukoo mzima ulichemsha majani yake, ukajifukiza chini ya blanketi, ukamalizia kwa kunywa maji yale. Nani alikufa? Hayanywewi kwa nini, kama hayakuchakachuliwa?

Herieth alipokwenda kuchuma kahawa, bibi akadondosha tone kwenye karatasi na kuianika juani. Mafuta ya kupikia yangeacha doa. Tone likakauka, karatasi ikabaki safi. Kumbe mkaratusi mtupu! Moyo ukamtulia. Akajaza mafuta kwenye kijiko, akayachanganya kwenye uji, akamnywesha Aidan.

Uji haujapoa, mtoto akalegea, macho yakapinduka, pumzi ikaanza kukoroma.

Kwenye zahanati, Vitalis, mwana wa Kunigunda, alimgeukia mkewe kwa hasira. "Wewe na mafuta yako!"

"Sijampa, Baba Aidan. Haki ya Mungu, sijampa!"

"Amekunywa nini?" nesi akauliza. "Mkinificha mtampoteza."

Kwa aibu, Kunigunda akasogea karibu na nesi. Akinyamaza, lawama ingebaki kwa mkamwana asiyempenda, na mjukuu angezikwa na siri hiyo.

"Ni mimi," alisema. "Kijiko kizima. Niliyapima kwanza, nikaona ni halisi."

"Afadhali yangekuwa yamechakachuliwa, Bibi," nesi alijibu, huku akimwekea mtoto hewa.

Jua lilikuwa limeinama Aidan alipolia. Vitalis akapiga ishara ya msalaba. Kunigunda, machozi yakimtiririka, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu wake kama siku zote.

Herieth akamkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi.

"Hapana, Mama," alisema taratibu. "Sikupi."