Mkono wa Pomboo Mbele ya Hakimu

Wewe ulikuwapo. Usiseme hukuwapo, ulionekana. Siku ile, mwaka huu wa hamsini na nne, askari walipompitisha Duni wa Kizimkazi pale Darajani, pingu mikononi, wewe ulikuwa unachagua ndizi. Ulimjua. Ulikula harusini kwao. Ukainama, ukazidi kuzibonyeza ndizi za watu kana kwamba zitakuambia neno.

Nyuma ya wale askari alikuwa mama yake, Bi Mwanamkasi, anatembea kwa miguu. Alikuona. Hakukusemesha, maana alikuwa na zito zaidi kichwani. Mwanawe alishitakiwa kuua, na mwenye kosa hilo hunyongwa. Ushahidi wote ulikuwa mkono mmoja tu. Na mkono huo aliuzika mama mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Abrahman, mnyapara wa kazi za barabara, alimzaba Duni kofi mbele ya wenziwe. Duni akasema, na watu wakasikia: "Mkono huo ntaukata!" Hakuukata. Hasira za kijana ni povu la chungu, hufurika likauzima moto wenyewe. Lakini wiki mbili baadaye Abrahman akatoweka, na askari wakaja Kizimkazi na majembe. Nyuma ya jiko la Bi Mwanamkasi wakafukua kifurushi cha bafta nyeupe. Kukifungua, mkono. Hauna ngozi wala nyama, mifupa imeshikana kwa mishipa, vidole vitano.

Ulikuwa mkono wa pomboo. Pomboo akinasa wavuni hukatwa chambo cha papa, na mkataji wa pwani ile alikuwa Bi Mwanamkasi tangu mumewe alipofariki. Nyama ya pezi la mbele aliitoa, mifupa hakuitupa. Kwao, tangu kwa bibi yake, kiungo chenye vidole vitano hakiachiwi mbwa. Huvishwa kitambaa kikafukiwa. Aliwaeleza askari hayo yote.

"Samaki gani ana vidole, we bibi?" wakamcheka.

Daktari waliyemwita polisi naye akautia mkono ule chupani, akautupia jicho, akaandika: mkono wa mwanamume mtu mzima. Akatia sahihi, akaenda kunywa chai. Ndiyo elimu yao hiyo. Aliyekwenda skuli akiandika, asiyekwenda afe.

Bi Mwanamkasi hakujua kusoma. Lakini alikuwa amefungua viumbe miaka thelathini, na mwenye kisu ana kitabu chake. Akaanza kukusanya viungo vya wanyama. Asubuhi ya kesi, jirani yake, Sichana, akamkuta anapanda gari la shamba na kapu linalonuka.

"Mwanamkasi, unakwenda kortini au unakwenda kuuza utumbo?"

"Nnakwenda kusomesha."

Hakimu alikuwa Mzungu, na mkalimani wake alikuwa Msabah, mtu wa mjini, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Bi Mwanamkasi alipotandika jamvi na kumwaga kapu lake mbele ya meza, Msabah alijiziba pua kwa kofia yake.

"Bi Mwanamkasi, hapa ni mahakama."

"Najua. Ndiyo maana nimeviosha."

Akavipanga: mkono wa mbuzi, bawa la popo, kasia la kasa, pezi bichi la pomboo. Mwisho akaweka mifupa iliyopauka kama chokaa.

"Bwana hakimu," akasema, na Msabah akafasiri, "mchinjaji hukuuliza, nikupe mkono au paja? Hasemi mguu wa mbele. Watu wanajua siku zote kuwa huu ni mkono. Tazama. Juu mfupa mmoja. Kiwiko. Chini yake miwili, ingawa kwa mbuzi imegandana. Kisha vijiwe vya kifundo. Kisha vidole. Hili mnaloliita goti la mbuzi si goti, ni kifundo cha mkono, maskini anatembelea ncha za vidole viwili. Popo huyu, bawa lote ni kiganja. Dole gumba hili lenye ukucha, na hivi vinne vimetandwa ngozi kama mwavuli. Kasa, vitano, vimo ndani ya kasia."

"Na ile?" Hakimu alinyooshea mifupa ya mwisho.

"Hii wachimbaji chokaa waliikuta pangoni, chini ya jiwe. Mnyama wake simjui, na babu yangu hakumjua. Amekwisha kisiwani. Lakini naye ana kiwiko, ana kifundo, ana kidole kimoja chenye ukwato. Mkono! Sasa muulize bwana daktari: huyu naye ni Abrahman?"

Msabah akamgeukia. "Hilo nalo lifasiriwe?"

"Lifasiri na kicheko chake."

Akalifasiri. Watu waliojaa madirishani wakaangua kicheko, hakimu akagonga meza. Kisha akauliza swali lililozima vicheko vyote. Kama mikono yote imejengwa namna moja, mama huyu atajuaje kwamba uliomo chupani si wa binadamu?

Duni, kizimbani, akamtazama mama yake. Ilikuwa kana kwamba amemsukia mwanawe kitanzi kwa maneno yake mwenyewe.

Bi Mwanamkasi akamgeukia daktari. "Nyoosha kidole chako cha shahada, mwanangu. Kikunje. Vipande vingapi?"

"Vitatu," daktari akajibu, midomo ameibana.

"Vyangu vitatu. Vya bwana hakimu vitatu, Mungu amuweke. Mola kajenga kwa ramani moja, lakini hakutumia idadi moja ya matofali. Naomba chupa ifunguliwe."

Daktari akasema hakuna haja, ripoti imekamilika. Hakimu akaisukuma chupa mbele yake.

"Fungua. Uhesabu kwa sauti."

Ikafunguliwa. Daktari akachukua sindano ndefu, akaigusisha kwenye kidole cha pili, akianzia shinani.

"Moja. Mbili. Tatu." Akaiinua sindano.

"Endelea, baba. Bado kuna njia."

"Nne." Jasho likamshuka shavuni. "Tano."

"Sita!" wakasema watu wa madirishani. Askari wa mlangoni, aliyecheka kule Kizimkazi, akajikuta anahesabu nao. "Saba! Nane!"

Bi Mwanamkasi hakungoja waishe. Alikwisha kulipasua pezi bichi kwa kisu chake, akalifunua kama mtu anayefunua kitabu: mkono ule ule, kidole kile kile, vipande vinane. Akauweka mezani, ubavuni mwa ule wa chupani, juu ya karatasi yenye sahihi ya daktari. Maji ya pomboo yakaifuta sahihi pale pale.

Kabla ya adhuhuri Duni alikuwa nje. Vigelegele vilianzia mlangoni mwa mahakama vikashika njia mpaka sokoni.

"Mama, unanuka popo," Duni akasema, anamkumbatia.

"Na wewe unanuka jela. Mwanamume mzima, mdomo hauna kufuli!"

Lakini Bi Mwanamkasi hakuondoka. Alirudi ndani akamwambia Msabah amuulize hakimu: daktari huyu ametia sahihi nyingine ngapi bila kuhesabu? Karani akapekua. Watu wanne walikuwa rumande kwa sahihi ile. Hakimu akajibu kwamba atazifungua kesi hizo, ila ndugu au jirani lazima aje mwenyewe kuomba.

Jumatatu Bi Mwanamkasi alirudi, akamwombea mtu wa Mbweni asiyemjua hata kwa sura, akisema kisiwa kimoja ni ujirani tosha. Naye akatoka. Mwanamke mmoja asiyejua herufi alif, na kisu cha chambo, ameishinda serikali mara mbili ndani ya wiki moja!

Wamebaki watatu. Mmoja ni wa mtaa wako, jina lake unalijua, mama yake unamwamkia kila asubuhi. Basi weka chini karatasi hii. Vaa viatu. Nenda mahakamani sasa hivi, kabla hawajafunga, useme umekuja kumwombea jirani yako, na kwamba hutoki mpaka wahesabu mbele yako.