Mjane wa Siku Mbili

Shule niliacha darasa la tatu, lakini tangazo nasoma. Liliandikwa kwamba mgombea atawagawia wajane vyerehani. Changu kilikuwa kimekatika kishikio cha sindano, fundi ameshakikatia tamaa, na sare za watoto wa shule zimelala mezani hazina mikono. Nikajifunga kitambaa cheusi, nikaenda kujiandikisha. Mume wangu nilimwacha barazani ananyoa ndevu, mzima wa afya.

Dada wa kampeni akauliza marehemu alifariki lini. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema Jumanne. Akauliza Jumanne ipi, nikaangua kilio, na nililia vizuri kupita kiasi, maana palepale alinitoa nyuma akaniweka mstari wa mbele. Mimi mjinga nikaona nimeheshimiwa.

Mgombea alinikumbatia mbele ya kamera, akautangazia mkutano kwamba waliopo madarakani ndio waliomwacha mume wangu afe kwa kukosa dawa. Watu wakaguna kwa uchungu. Nami nikaguna, maana habari yenyewe ndiyo kwanza naisikia. Nikapigwa picha nimekumbatia cherehani, kisha vijana wakakipakia tena kwenye lori. Eti tufuate vyetu ofisini kesho.

Nyumbani, mzee alikuwa ameshakisikia kifo chake kwenye redio ya jirani. Hakufoka. Aliuliza tu kama amezikwa vizuri. Nikamwambia hatukufika huko.

Asubuhi aling'ang'ania kunisindikiza, kwamba cherehani ni kizito na marehemu bado ana mabega. Njiani nikamwomba awe kaka yangu kwa nusu saa. Akakaza mwendo. Mwendo wake huo nina miaka arobaini sijauelewa.

Ofisini tulimkuta dada yuleyule. Cherehani changu kilikuwa mezani, kipya, kinanukia mafuta. Ukutani wamebandika picha yangu ninalia, na chini yake jina la mzee, na mbele ya jina hilo neno marehemu. Mzee akavaa miwani, akalisoma taratibu, mpaka mwisho.

"Na huyu baba ni nani kwako, bibi?" dada akauliza.

Neno kaka lilikuwa mdomoni tayari. Likakataa kutoka.

"Ni mume wangu."

Dada akafunga daftari lake. "Bibi, utatuharibia. Hiyo picha imeenea mji mzima. Sema ni kaka yako, chukua cherehani, nenda."

"Ni mume wangu, mwanangu. Samahani kwa usumbufu."

Tukatoka mikono mitupu. Mzee akanishika kiwiko tukivuka barabara, jambo ambalo huwa halifanyi.

Sare nazimalizia kwa mkono, na wazazi wananisema. Mgombea alishinda, picha hakuna aliyezibandua. Tukienda sokoni, hatukosi mtu wa kunisimamisha kunipa pole ya kufiwa. Mzee husogea kando, akavua kofia, akasubiri nimalize kupokea.